Yadi Kumi na Tatu na Inchi Saba

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kibandani kwako, miwani puani na kiatu cha mtu mapajani, na kile kifua kilichokusumbua kimekuachia sasa. Wifi msalimie sana. Mwambie ile dawa ya magoti aliyoituma imefika, mama anaipaka asubuhi na kuilalamikia jioni, maana yake inafanya kazi. Sisi huku wazima. Mama anakula, anatembea, anagombana na jirani wa kushoto kwa sababu ya maji na jirani wa kulia kwa sababu ya kuku, kwa hiyo usimhofie. Mimi nipo na cherehani yangu. Sare za shule zimenijaa hadi kitandani.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikata. Kila nikitaja uwanja wa kiwanda, mtandao wako huharibika ghafla. Barua haina kitufe cha kukata. Nakuomba tu uisome kwa mpangilio, usirukie mwisho. Na wewe ndugu yangu unanijua, ni mimi yuleyule uliyeniita Chiriku tangu sijaota meno ya utu uzima, kwa hiyo kabla sijafika kwenye jambo lenyewe nitazunguka kidogo. Vumilia.

Uwanja unaukumbuka, hata ukijifanya umeusahau. Unakumbuka goli la upande wa mfereji, mpira ukipaa unaangukia kwenye maji ya idara ya rangi na kurudi na rangi ya siku hiyo. Tuliwahi kuanza mechi na mpira mweupe tukamaliza na wa bluu, na wageni wakalalamika kwamba tumewabadilishia. Unakumbuka saa kumi, king'ora kinalia katikati ya kipindi cha pili, watu wa zamu wanatoka, mamia wanajipenyeza kwenye mlango mmoja wakiwa na pamba kwenye nywele, na wote wanauliza swali moja, ngapi ngapi. Mimi mpaka leo saa kumi ikifika natega sikio. Ni ujinga, najua.

Kiwanda kilipofungwa, nyasi zilipanda hadi kiunoni. Mabati ya jukwaa yalikwenda kuezeka mabanda ya watu ambao sitawataja. Bati moja liko juu ya jiko letu. Mama anasema lililetwa na upepo. Vijana walicheza barabarani, wakipisha malori. Miaka ikaenda hivyo, na sisi tuliokuwa na kazi na king'ora tukabaki na hadithi.

Sasa mwanzoni mwa mwaka huu yule bwana wa makontena, aliyenunua majengo ya kiwanda na ardhi ya nyuma ya magoli yote mawili, alipeleka ombi baraza la mji apewe na uwanja. Alisema ni pori, hapachezwi mpira pale, hapana faida kwa yeyote. Baraza halikukataa wala halikukubali. Likasema kuwa mkaguzi wa chama cha mpira akiupitisha uwanja kabla ya kikao cha Jumatatu ile, utabaki wa mpira na hakuna atakayeugusa. Asipoupitisha, ni wa makontena. Tulikuwa na wiki sita.

Kaka, laiti ungeuona mji huu katika wiki hizo sita. Watu niliodhani wamekwisha walitoka ndani na majembe. Wasokotaji wa zamani, akina mama wenye wajukuu, walikaa chini ya ukuta wakasuka nyavu mbili kwa vidole vilevile vya zamani, wakasutana kwa fundo moja lililokaa vibaya. Kinyozi alifunga kibanda chake kila alasiri aje kufyeka. Hata yule aliyekuwa bawabu wa kiwanda, Domo, aliyeligeuza jina lako la uwanjani, Radi, kuwa Radi Baridi na kulitangaza sokoni hadi ukaliacha jina lako na mji wako, alikuja na toroli. Nilitaka kumtia kokoto mdomoni. Lakini alifanya kazi, siwezi kumnyima haki yake.

Tulipofyeka tukavikuta vigingi vya chuma vya Mzee Mitambo wa karakana ya kiwanda, Mungu amrehemu. Hapa inabidi nikueleze, maana wewe ulikuwa mchezaji na wachezaji hawajui mistari inatoka wapi. Kiwandani kila mechi ya nyumbani ilikuwa na idara yake ya kupima na kuchora uwanja. Leo wasokotaji, mechi ijayo wafumaji, kisha watu wa rangi, kisha sisi tuliokuwa tukifua na kukunja vitambaa. Basi kabla ya ile fainali ya kombe la viwanda, Mzee Mitambo alichonga vigingi sita vya kudumu ili tusipime tena kila mara. Vinne vya kona alivipima mwenyewe kwa mnyororo wa chuma wa karakana, akavigongelea. Viwili vya alama ya penalti aliiachia idara yenye zamu. Vyote sita tulivikuta palepale, vimeliwa na kutu lakini havijatikisika, na watu walipiga makofi kama wameona ndugu aliyepotea.

Mimi sikupiga makofi. Nilisema nina vumbi machoni nikaenda kunawa.

Mkaguzi alikuja Ijumaa. Mtu mfupi, mkimya, mwenye kalamu mbili mfukoni na tepu ndefu ya chuma, upande mmoja mita na upande wa pili yadi na inchi. Mji mzima ulikuwa pale. Mama naye alikuja. Unajua tangu uondoke hajakanyaga uwanja ule, akienda sokoni huzunguka kwa njia ya reli, njia ileile uliyopita wewe siku ya mazishi ya baba ili usiuone. Sijui nani alimshawishi. Nilimwona tu ameketi kwenye kiti chake cha plastiki karibu na goli la mfereji, mkoba mapajani, uso umefungwa.

Mkaguzi akatazama vyumba vya kuvalia, akasema vinafaa. Akatazama nyavu, akazivuta, akatabasamu kidogo. Urefu wa uwanja ukatosha, lakini kwa hatua mbili tu juu ya kiwango. Kisha akapima kutoka mstari wa goli hadi kigingi cha penalti, akasimama, akapima tena. Akaenda goli la pili, vilevile. Akasema penalti hupigwa kutoka yadi kumi na mbili na hivi viko kumi na tatu na ushei. Akauliza sababu.

Hapo bwana wa makontena, aliyekuwa ameegemea gari lake siku nzima bila neno, akapata sauti. Akasema sababu iko wazi. Kigingi cha penalti kiko mahali pake tangu zamani, ila mistari ya magoli ndiyo iliyosogezwa nyuma, huku yadi na kule yadi, ili uwanja utimize urefu. Vigingi vya kona vimeng'olewa juzi na kupigiliwa ndani ya ardhi yake. Akasema tumemwibia ardhi na tumemdanganya mkaguzi, na atakwenda mbele na jambo hilo. Watu wakapiga kelele. Domo akamwambia maneno ambayo karatasi hii haitayabeba.

Mkaguzi alitulia hadi kelele ziishe. Akasema yeye hamtuhumu mtu, lakini ama alama imekosewa ama mstari umesogezwa, na kama hakuna anayeweza kumwonyesha ni kipi kati ya hivyo viwili, hawezi kusaini. Italazimu aje mpima ardhi, na mpima ardhi hapatikani chini ya mwezi. Kikao kilikuwa Jumatatu. Aliuliza mara ya mwisho kama kuna mtu aliye hai aliyekuwepo vigingi vikipigwa. Wazee wakatazamana, kila mmoja akimtaja marehemu.

Kaka, weka hicho kiatu chini.

Alikuwepo mtu. Ni mimi. Fainali ile zamu ilikuwa ya idara yetu, na msimamizi alinipa mimi kazi ya alama za penalti. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kichwa kikubwa, kaka yangu ndiye mshambuliaji na mimi ndiye ninayechora uwanja wake. Sisi idarani tulipima kila kitu kwa utepe wa pamba tuliofuma wenyewe, na uzi mwekundu kila yadi. Ule utepe ulikuwa umeloa na kukauka mara nyingi mno, umefupika. Kila mmoja wetu alijua kwamba ukipima yadi kumi kwa utepe ule, unaongeza moja ndipo upate kumi za kweli. Tuliongeza hata usingizini. Asubuhi ya fainali nilichukua utepe msumarini, nikahesabu kumi na mbili, nikaongeza kama kawaida, nikapiga kigingi. Huku na kule. Nikakipaka chokaa vizuri, nikajisifu.

Jumatatu yake, wewe ukiwa kitandani umegeukia ukuta, nilifika kazini na msimamizi akatuambia tuache kuongeza, kwa sababu tangu Ijumaa ameutundika utepe mpya, haujaguswa na maji.

Nilielewa palepale. Ulipiga mpira chini, kulia, vizuri, kama ulivyopiga kila penalti tangu utoto, na kipa wao akaufikia kwa ncha za vidole tu ukagonga nguzo na kutoka, na wao wakakimbia nao wakatufunga. Alipata muda wa kunyoosha vidole kwa sababu mimi nilimpa zaidi ya yadi nzima. Sikusema. Siku ya kwanza niliogopa kufukuzwa kazi. Siku ya pili nilikuogopa wewe. Kisha Domo akaanza na jina lake, ukawa unakwenda kazini kwa njia ya uchochoro, na kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Baada ya miezi sita ukafunga mizigo. Nilikubebea begi hadi stendi, nikiwa nimefunga mdomo. Mimi, ambaye siwezi kuficha hata bei ya nyanya.

Na vile vigingi vilibaki. Miaka miwili iliyofuata penalti zikawa haziingii pale, za kwetu wala za wageni, na watu wakasema uwanja umerogwa tangu siku ya Radi. Walileta mtu wa kuuzindika. Nilichangia.

Basi Ijumaa ile nilisimama. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyekuwa akijua, na uwanja ungeenda na siri yangu chini ya makontena. Nitakuambia ukweli, wazo hilo lilinipitia, na halikupita haraka. Kisha nikamwona bwana wa makontena akitazama saa, na nikawatazama wale akina mama na vidole vyao, na mama yetu kwenye kiti chake, na nikachoka. Nilichoka tu. Nikasema vigingi vya penalti nilivipiga mimi, na nimekosea mimi, na vya kona ni vya marehemu na ni sahihi.

Bwana wa makontena akacheka, akasema fundi cherehani amepangwa. Mkaguzi hakucheka. Aliniuliza nilikosea vipi, nikamweleza habari ya utepe kama nilivyokueleza. Akafikiri. Akasema kwamba yeye alitamka kumi na tatu na ushei, hakuutaja huo ushei. Kama ninayosema ni kweli, basi nimwambie ni ngapi hasa.

Sikuhitaji karatasi. Kumi na mbili, ongeza moja kwa kila kumi. Hiyo ni kumi na tatu na sehemu ya tano ya yadi, na yadi ina inchi thelathini na sita, kila mtu wa kiwanda anajua. Nikamwambia yadi kumi na tatu na inchi saba, na kidogo kidogo ambacho chokaa inakifunika. Nikamwambia na kwa goli lile la pili ni hivyohivyo, kwa sababu nilikosea kwa uaminifu pande zote mbili.

Aliinama na tepu. Watu mia tatu na zaidi wakamsogelea. Akasoma kwa sauti: kumi na tatu, na saba. Akavuka uwanja wote kwa mwendo wake wa polepole, sisi nyuma yake, akainama tena. Kumi na tatu, na saba. Akatoa ile kalamu ya pili, maana ya kwanza iligoma, akasaini juu ya mgongo wa kinyozi. Uwanja umepita, kaka. Ni wetu. Jumatatu baraza likaandika, na bwana wa makontena amerudi kwenye ukuta wake.

Kelele za siku ile siwezi kuziandika. Lakini katikati ya kelele Domo alikuwa amesimama kimya peke yake, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Akaja mbele yangu, akauliza polepole kama ninajua nilichosema kuhusu fainali. Nikamwambia ninajua. Akauliza tena, kwa hiyo Radi alipiga kutoka pale. Nikamwambia kutoka pale.

Akaitisha mpira. Akamwita binti wa kinyozi, ambaye ndiye kipa wa timu ya wasichana na mikono yake ni mirefu kuliko adabu yake, akamsimamisha golini. Akasema kila mwanamume aliyewahi kulitamka lile jina la Radi Baridi aje apige kutoka kwenye kigingi cha zamani. Wakapanga mstari, kaka. Kumi na mmoja, wenye vitambi, mmoja ana fimbo. Binti akadaka tisa. Mmoja akapiga juu ya mtambaa panya hadi mferejini, na wa mwisho alikosa mpira akaanguka yeye. Najua utasema hao ni wazee, hata kutoka yadi tano wangekosa. Usiniharibie. Akaja pia mshambuliaji wetu wa sasa, kijana mzima mwenye mapafu, akapiga tatu. Alifunga moja, maana mimi siongopi tena, lakini mbili zilitolewa kwa vidole, upande uleule uliopiga wewe.

Domo akavua kofia. Akasema mbele ya wote kwamba kwa miaka ishirini na saba amemtukana mtu ambaye kosa lake lilikuwa kukosa kwa ncha ya kidole pale ambapo wao wote hawakukaribia. Akasema jina lile limekufa leo na atakayelitamka atamkuta yeye mlangoni. Watu wakaanza kuliimba lile la kwanza. Radi. Uwanja mzima, na wale vijana ambao hawajawahi kukuona, Radi, Radi, hadi mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia. Nililia mpaka kamasi.

Kaka, mwanao aliniambia kwamba unashona viatu vya kila aina isipokuwa vya mpira. Mteja akileta unamwambia uzi umekwisha. Nililijua hilo miaka minane na nikaendelea kunyamaza. Kwa hiyo sikuombi unisamehe kwa sababu uwanja umepona. Hayo ni mambo mawili, na la uwanja lisikupofushe. Nilikuacha ubebe mzigo wangu hadi nywele zako zikawa nyeupe. Ukitaka kunitukana, mdomo unao na haki unayo. Ukitaka kunyamaza mwaka, nitangoja. Ila ujue kwamba hakuna mtu katika mji huu sasa anayekudai chochote, sisi ndio wenye deni la radhi, na mimi niko mbele ya foleni. Mechi ya kwanza ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa. Ukija, pita barabara kubwa.

Nimebakiza la mama. Baada ya ukaguzi alirudi nyumbani peke yake na siku tatu hakunisemesha. Aliweka chakula mezani, akageuka. Siku ya nne aliniambia kuwa amezaa watoto wawili na kwa miaka ishirini na saba amemlaumu asiye mkosaji. Nikajua ananisema mimi, nikainamisha kichwa. Kumbe alikuwa akijisema yeye. Anasema jioni ile ya fainali uliporudi, umekaa mlangoni na viatu mkononi, alikuambia ungepiga katikati kama watu wenye akili. Anasema hukumjibu, na kwamba tangu hapo hukumwangalia machoni tena. Mimi sikuwa nalijua hilo. Jana alivaa kanga yake nzuri, akaniambia nimsindikize uwanjani. Alisimama kwenye kile kigingi muda mrefu, akitazama goli, akipima kwa macho yake mabovu. Kisha akasema niongeze mstari huu kwenye barua, nami nauandika alivyousema: Mwambie mwanangu alipiga vizuri.

Salamu nyingi kwa wifi na watoto, na kwa jirani yako muuza redio aliyenipokea vizuri nilipokuja. Kinyozi anakusalimu, akina mama wa nyavu wanakusalimu, na Domo anakusalimu akiwa ameshika kofia mkononi.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku